Likizo ya siku 28 isiyopumzisha: kisa cha mweka hazina wa kikoba

Mwanamke wa miaka 41, mhasibu msaidizi katika kampuni ya kusafirisha mizigo jijini Dar es Salaam, alichukua likizo yake yote ya mwaka kwa mkupuo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania siku 28 mfululizo, na safari hii mwajiri hakumkata hata moja. Hakuwa na mgonjwa wa kuuguza wala msiba wa kwenda. Wiki mbili alikaa kwake Goba, siku kumi na kitu zilizobaki akaenda kwa mama yake Lushoto, kwenye baridi na mboga za kuchuma shambani. Jumatatu aliporudi ofisini wenzake walimuuliza alikuwa anaumwa nini.

Yeye mwenyewe alisema hivi: "Nimechoka kuliko nilivyoondoka."

Kisa hiki nimekichanganya na mambo niliyoyasikia kwa watu wengine wawili watatu wenye hali kama yake, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili asitambulike. Nitamwita Mweka Hazina. Ndicho cheo chake kwenye kikoba cha mtaani, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, na ndicho alichokitaja kabla hata ya kazi yake ya kuajiriwa nilipomuuliza anafanya nini.

Kabla ya kuja kuzungumza nami alishapita hospitali. Malalamiko yake yalikuwa shingo na mabega kukaza, kichwa kuuma kuanzia mchana, na moyo kwenda mbio usiku akiwa amelala chali. Alipimwa malaria, akapimwa taifodi kama ilivyo ada, presha, sukari, wingi wa damu na homoni za tezi ya shingo. Vyote vilikuwa sawa. Alipewa vidonge vya maumivu na ushauri ambao kila Mtanzania mwenye vipimo safi ameshawahi kupewa: "Punguza mawazo." Hakuelezwa ayapunguzeje. Dada yake alishauri maombi, akaenda, na anakiri kwamba saa ile ya maombi ndiyo saa pekee katika wiki ambayo mabega yalilegea. Hilo nililiandika pembeni, na nitalirudia.

Nilimwomba afanye jambo moja tu kabla hatujaanza kutafuta dawa: akumbuke siku moja ya likizo, siku ya kawaida isiyo na tukio, na kuisimulia tangu macho yanafunguka. Alichagua Alhamisi ya wiki ya kwanza.

Aliamka saa 10 alfajiri bila kengele. Mkono ulienda kwenye simu kabla hajawasha taa. Mume wake ni dereva wa malori ya masafa, na usiku ule alikuwa kwenye foleni Tunduma akisubiri kuvuka kwenda Zambia. Meseji yake ilikuwepo: yuko salama, foleni haijasogea. Hapo angeweza kurudi kulala. Lakini chini ya meseji ya mume kulikuwa na kundi la kikoba lenye meseji kibao, kundi la michango ya harusi ya binamu, kundi la wazazi wa darasa la mtoto wake mdogo, na kundi la idara yake ofisini, ambako mtu alikuwa ameandika saa 5 usiku: "Samahani kwa usumbufu dada, najua uko likizo, ila lile faili la mafuta ya mwezi wa nane uliliweka wapi?" Akajibu. Kwa kuwa amejibu, tiki zikawa za bluu, na kwa kuwa zimekuwa za bluu, swali la pili likaja saa 1 asubuhi.

Asubuhi alishusha mapazia yote akayafua. Halafu akafua mazulia. Dada wa kazi alijaribu kumsaidia akaambiwa akapumzike. Saa 8 mchana alijilaza kwenye kochi huku televisheni ikiongea, usingizi ukamchukua mpaka saa 11 jioni. Aliamka na kichwa kizito, akachemsha chai ya rangi kali yenye tangawizi, wakanywa na watoto. Alhamisi ni siku ya kuweka hisa kwenye kikoba, kwa hiyo tangu jioni hiyo miamala iliingia kwenye simu yake mmoja mmoja, kila mwanachama na muda wake, na kila mwanachama akataka kujibiwa "imefika". Saa 2 usiku akanywa chai nyingine. Saa 4 akapanda kitandani na daftari la kikoba, kalamu na simu, akaanza kulinganisha majina na miamala. Kulikuwa na pungufu ya shilingi 10,000. Saa 5 na nusu alizima taa, pungufu ikiwa haijapatikana. Saa 8 usiku alishtuka, akaangalia saa kwenye simu, akahesabu zimebaki saa ngapi kuche, akaona ni chache, akaanza kukasirika kwamba halali.

"Lakini siku hiyo nilipumzika," aliniambia. "Sikwenda kazini, na mchana nililala."

Hoja yangu katika kisa hiki inatoka kwenye sentensi hiyo. Mambo mengi yaliyomnyima mapumziko Mweka Hazina aliyafanya kwa jina la kupumzika au kwa jina la wajibu, na kila moja lilikuwa na sababu ya kueleweka. Ndiyo maana kumwambia mtu kama huyu "acha tabia mbaya" ni kumtukana. Hakuna tabia mbaya hata moja kwenye Alhamisi ile. Kuna mama anayesubiri habari za mume barabarani, mwanakikundi mwaminifu na mfanyakazi mwenye adabu. Ukiwaweka wote katika mwili mmoja, kwenye chumba kimoja, saa 4 usiku, ndipo tatizo linapoonekana.

Arthur Spielman, mtafiti wa usingizi wa Marekani, miaka ya 1980 alipendekeza njia ya kuchambua kukosa usingizi kwa muda mrefu ambayo naiona inafaa hata kwa uchovu wa aina hii. Aligawa sababu mafungu matatu: zinazomwandaa mtu, zinazolianzisha tatizo, na zinazoliendeleza. Kiini cha hoja yake ni kwamba kilicholianzisha tatizo kinaweza kuwa kimekwisha zamani, na tatizo likaendelea kwa nguvu ya mambo ambayo mtu alianza kuyafanya ili kupambana nalo.

Kwa Mweka Hazina fungu la kwanza ni fupi kulieleza. Ni mtoto wa kwanza. Tangu ana miaka kumi ndiye aliyeachiwa funguo za nyumba na wadogo zake wanne. Fungu la pili alilitoa kwa shida. Miaka miwili nyuma alikuwa likizo wakati fedha ndogo za ofisi zilipopotea, akaitwa kutoka nyumbani kueleza, na mwenzake waliyekuwa wakikaa meza moja akafukuzwa kazi. Yeye hakuguswa. Lakini tangu siku hiyo aliifanya simu yake kuwa mlinzi: maadamu iko wazi na yuko hewani, hakuna jambo litakalosemwa juu yake akiwa hayupo. Kesi ile iliisha. Ulinzi haukuisha, na fungu la tatu lote limejengwa juu yake.

Nianze na simu, kwa sababu ndiyo kila mtu anaanza nayo na karibu kila mtu anaikosea. Ushauri wa "zima simu" kwa mke wa dereva wa masafa ni ushauri wa mtu asiyejua maisha ya mke wa dereva wa masafa. Alijaribu. Jumapili moja aliizima asubuhi baada ya ibada, na kufika saa 6 mchana alikuwa ameshamwona mume wake bondeni, lori limepinduka Kitonga, yote kichwani. Akaiwasha. Kuzima kwenyewe kulimwongezea hofu.

Kuna mazungumzo mengi kuhusu mwanga wa buluu wa skrini na jinsi unavyochelewesha homoni ya usingizi. Ni kweli mwanga huo una kazi yake, lakini kwa kisa hiki nauona mdogo. Kama simu ingemwonyesha picha za bahari angelala tu. Kilichomwamsha ni kwamba kila meseji ilikuwa na mtu nyuma yake anayesubiri. Mtafiti Sabine Sonnentag wa Ujerumani, aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi wafanyakazi wanavyorejesha nguvu baada ya kazi, anaweka uzito mkubwa kwenye kitu hiki: akili kujitoa kazini, mbali na mwili kutokuwepo kazini. Mtu anaweza kuwa Lushoto kilomita zaidi ya 300 kutoka ofisini na akili yake iko kwenye faili la mafuta. Sonnentag aliona pia jambo linaloudhi kidogo: wanaohitaji zaidi kurejesha nguvu ndio wanaoshindwa zaidi kufanya hivyo, kwa sababu uchovu wenyewe unaila ile nguvu ndogo inayohitajika ili kuacha kazi, kutoka nje, kufanya kitu kingine.

Tunarudi kwenye ile pungufu ya shilingi 10,000. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik, aliyesoma Berlin chini ya Kurt Lewin, alichapisha utafiti ulioonyesha kuwa watu hukumbuka zaidi kazi zilizokatizwa kuliko zilizomalizika. Baadaye waliorudia majaribio yake walipata matokeo yanayopingana, kwa hiyo upande wa kumbukumbu nauacha. Kinachonifaa zaidi ni kazi ya wanasaikolojia Masicampo na Baumeister ya mwaka 2011: lengo lisilotimia huingilia mambo mengine yanayofanywa na akili, lakini mtu akiandika mpango mahususi wa lini na namna gani atalitimiza, uingiliaji huo hupungua, hata kama kazi yenyewe bado haijafanywa. Na mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake wa chuo kikuu cha Baylor, Texas, waliwalaza watu 57 maabara. Nusu waliandika kwa dakika tano mambo wanayotakiwa kufanya siku zijazo, nusu wakaandika waliyokwisha kuyafanya. Walioandika ya mbele walisinzia mapema zaidi, kwa wastani wa dakika tisa hivi. Dakika tisa si muujiza, na watu 57 si wengi. Lakini nilipomwambia Mweka Hazina, alicheka akasema wakati mwingine angenunua dakika hizo tisa.

Kosa la Alhamisi ile, kwa mtazamo huu, lilikuwa kuianza hesabu saa 4 usiku na kuiachia njiani. Angeweza kutoianza kabisa. Au angeweza kuandika pembeni ya jina: "Ijumaa saa 4 asubuhi, mpigie mama wa duka la vitenge, ulizia muamala wa Jumanne." Aliposinzia ilikuwa bado ni pungufu isiyo na jina, na pungufu isiyo na jina kwa mtu aliyewahi kumwona mwenzake akifukuzwa kwa fedha ndogo ni tishio kamili.

Halafu kitanda. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Richard Bootzin alieleza njia ya tiba ambayo mpaka leo ni sehemu ya matibabu ya kukosa usingizi: kitanda kitumike kwa usingizi na mambo ya ndoa tu. Usipolala ndani ya dakika ishirini hivi, ondoka, nenda chumba kingine, rudi ukisikia usingizi. Mantiki yake ni ya kawaida sana. Mwili hujifunza mahali. Kitanda kilichokuwa ofisi ya kikoba kwa miaka mitatu kimeufundisha mwili kwamba ukifika hapa, hesabu zinaanza. Mweka Hazina alikuwa anasinzia vizuri kwenye kochi mbele ya televisheni na kuwa macho kitandani, akaona ni ajabu. Kochi halikuwahi kuwa na daftari.

Ila usingizi wenyewe wa kochi ulikuwa na hasara yake. Saa tatu za mchana, kuishia saa 11 jioni, zinapunguza ile njaa ya usingizi ambayo mwili huikusanya tangu asubuhi. Usiku ukifika njaa haipo. Kwa mtu asiye na tatizo la usiku, kujilaza mchana ni neema, na wazee wetu wa Pwani wanajua kuifanya: mfupi, baada ya adhuhuri, kisha mtu anaamka kabla ya alasiri. Wake ulikuwa ni deni la usiku uliopita likilipwa kwa kukopa kwenye usiku unaokuja.

Chai nitaipitia haraka ingawa ilileta ubishi mkubwa kuliko yote. Alikuwa ameshaacha kahawa na akaamini mambo ya kafeini yamekwisha. Chai ya rangi ina kafeini, kikombe kimoja kikali kinaweza kuwa na nusu hivi ya kile kilichomo kwenye kikombe cha kahawa, na yeye alikunywa vikombe viwili vikubwa jioni. Kafeini huziba mahali ambapo adenosini, kemikali inayojikusanya mwilini na kuleta usingizi, inatakiwa kushika. Kwa mtu mzima wa kawaida nusu ya kafeini aliyokunywa bado iko mwilini baada ya saa tano hivi. Chai ya saa 2 usiku, nusu yake bado inazunguka saa 7 usiku. Moyo kwenda mbio akiwa amelala chali ulianza kueleweka kidogo. Tangawizi haina kosa.

Sasa mapazia na mazulia. Hapa ndipo kisa kilipo kizito, na ndipo ningesimama muda mrefu zaidi kama ningekuwa na mtu mmoja tu wa kusikiliza. Nilimuuliza kwa nini alifua mapazia siku ya nne ya likizo ilhali alikuwa na msaidizi. Alijibu: "Nikikaa tu, naona kama kuna kitu nimesahau." Nikamuuliza alihisi nini alipojaribu kukaa. Akasema kifua kinabana. Mama mkwe wake aliwahi kupiga hodi akamkuta amekaa barazani saa 5 asubuhi, akamwambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, leo huumwi?" Neno hilo halikuwa na ubaya. Lakini kwa wanawake wengi niliowasikiliza, kukaa bila kitu mkononi ndani ya nyumba yako mwenyewe kunahitaji sababu, na sababu inayokubalika haraka ni ugonjwa. Mwanaume akikaa kijiweni anacheza bao, hakuna anayemuuliza anaumwa nini. Nasema hili bila kuwalaumu wacheza bao, wao ndio wanaopumzika vizuri.

Kwa hiyo kazi za nyumbani zilikuwa kinga yake dhidi ya kile kifua kubana. Na hili nalo si lake peke yake. Mwaka 1983 Heide na Borkovec, watafiti wa Marekani, walichukua kikundi kidogo cha watu wenye wasiwasi wa kudumu wakawafundisha kutulia kwa njia mbili: kukaza na kulegeza misuli, na kutafakari kwa kurudia neno kimoyomoyo. Karibu theluthi walipata mkazo zaidi wakati wa kulegeza misuli, na zaidi kidogo ya nusu walipata mkazo zaidi wakati wa kutafakari. Kutulia kwenyewe kuliwatisha. Wanasaikolojia Michelle Newman na Sandra Llera baadaye walieleza hali hii hivi: kuna mtu ambaye hukaa kwenye wasiwasi kwa sababu kinachomtisha zaidi ni kutoka kwenye raha na kudondoka ghafla kwenye habari mbaya. Afadhali awe chini tangu mwanzo. Nilipomsomea maelezo hayo kwa Kiswahili changu, Mweka Hazina alinyamaza, kisha akasema siku ile simu ya ofisini ilipomwita kuhusu fedha zilizopotea alikuwa anacheka na watoto.

Hii inaeleza kwa nini zoezi la kuvuta pumzi polepole alilofundishwa na rafiki lilimfanya awe na hali mbaya zaidi, na kwa nini maombi yalimlegeza. Kwenye maombi hakuwa peke yake na kifua chake. Alikuwa amesimama, anaimba, ameshikwa mkono, na hakuna mtu duniani ambaye angemuuliza kwa nini amekaa.

Tulianza na kikoba kwa sababu ndiko kulikokuwa na uwezekano wa kubadili kitu bila ruhusa ya mwajiri. Alikiomba kikao kikubali mambo mawili: hisa zipokelewe Jumamosi kati ya saa 10 na saa 12 jioni tu, na katibu awe na nakala ya daftari ili pungufu ionekane na macho manne. Aliogopa wataona ana kitu cha kuficha. Walikubali kwa dakika chache. Mwanachama mmoja alisema alikuwa anachoka kukumbushwa kila Alhamisi.

Simu tuliigeuza badala ya kuizima. Alinunua kiswaswadu cha bei ndogo na laini mpya, namba hiyo akaipata mume, mama yake Lushoto na shule ya bweni ya mtoto mkubwa. Kiswaswadu kinalala pembeni ya kitanda kikiwa na sauti ya juu kabisa. Simu janja inalala kwenye kabati la sebuleni kuanzia saa 3 usiku. Usiku wa kwanza aliamka saa 8 kwa mazoea, akanyoosha mkono, akakuta kitu kisicho na kundi hata moja. Hili ndilo badiliko lililoleta tofauti kubwa kuliko mengine yote, na nadhani ni kwa sababu liliuheshimu wajibu wa kweli likauacha ule wa kubandikwa. Saa ya ukutani nayo iliondolewa chumbani ili asihesabu.

Daftari lilihamia meza ya kulia chakula, na kabla ya saa 2 usiku. Mwishoni mwa ukurasa anaandika la kesho na saa yake. Kitanda alikiachia kazi yake, ingawa kuondoka kitandani usiku wa manane lilikuwa jambo gumu: alisema anajiona mchawi akitembea sebuleni gizani. Tukakubaliana awashe taa ndogo na akunje nguo zilizokauka, kazi isiyo na mwisho na isiyo na hesabu.

Kwa chai ubishi ulikuwa wa watoto. Ile ya saa 2 usiku ndiyo muda wao wa kukaa na mama. Kwa hiyo muda ulibaki na kilichobadilika ni majani: mchaichai kutoka uani, usio na kafeini, na tangawizi ileile. Chai ya rangi ya mwisho ni kabla ya saa 9 alasiri.

Kujifunza kukaa kulienda polepole. Tuliacha pumzi, tukachukua kukaza na kulegeza misuli, njia iliyoasisiwa na daktari Edmund Jacobson wa Chicago miaka ya 1920: kukunja ngumi kwa nguvu, kuiachia, kupandisha mabega mpaka masikioni, kuyaachia. Ina faida kwa mtu wa aina yake kwamba ina kitu cha kufanya. Alianza kwa dakika mbili, huku redio inaongea. Kisha alirudi kwenye kwaya aliyoiacha alipopata mtoto wa pili. Sonnentag anataja kujifunza au kufanya kitu chenye ugumu kidogo, kisichohusiana na kazi, kama moja ya njia za kurejesha nguvu, na sauti ya pili kwenye kwaya ya watu thelathini ina ugumu wa kutosha. Mwezi wa kwanza walimwomba awe mweka hazina wa kwaya. Alikataa, na akaniambia hilo kwa fahari kuliko alivyoniambia habari za usingizi.

Mabega yalianza kulegea baada ya wiki kadhaa. Kichwa kinauma bado mwisho wa mwezi, wakati wa kufunga hesabu, anapokaa saa nyingi na vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo hajakubali kuviacha. Ofisi haijabadilika. Sheria hiyohiyo ya 2004 inataka mapumziko ya angalau saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na sijui ni mabosi wangapi wanaoihesabu meseji ya saa 5 usiku kuwa kazi. Wake hahesabu. Alichoweza kufanya ni kuandika makabidhiano ya kurasa mbili kabla ya likizo nyingine, kila faili na mahali pake, na kumtaja mtu mmoja wa kuulizwa. Makabidhiano hayo yanamlinda kwa kile alichokuwa anakilinda kwa kuwa hewani siku nzima: kikipotea kitu, ipo karatasi.

Ningependa pia kusema kwamba si kila uchovu ni mazoea. Kama angekuwa anakoroma na kukatika pumzi usingizini, au anapungua uzito, au amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, au anawaza kufa, habari za chai na kabati la sebuleni zingekuwa za kupoteza muda. Hospitali za mikoa na Muhimbili zina vitengo vya afya ya akili, na huko ndiko kwa kwenda. Yeye alikuwa ameshapimwa, na hamu ya maisha alikuwa nayo tele.

Na likizo yenyewe isitarajiwe kufanya kazi isiyoiweza. Jessica de Bloom na wenzake huko Uholanzi waliwafuatilia wafanyakazi kabla, wakati na baada ya likizo, wakaona nafuu iliyopatikana inafifia ndani ya wiki ya kwanza ya kurudi kazini. Kwa hiyo hata kama Mweka Hazina angepumzika siku zote 28, jioni za kawaida za Jumanne na Jumatano zingebaki kuwa muhimu zaidi.

Bado anashtuka saa 8 usiku lori likiwa mpakani. Hilo sijajaribu kulitibu. Mume akivuka anapiga kiswaswadu, wanaongea dakika moja, analala.

Kikoba kinavunjwa Desemba na uongozi unachaguliwa upya. Ameshatangaza kwamba hatagombea. Wanachama watatu wamempigia simu kumbembeleza abaki, wawili kati yao baada ya saa 3 usiku, na hao aliwajibu kesho yake wakati wa chakula cha mchana.